Heshima Ianzie kwa Mwenye Dirisha

Malalamiko kwamba vijana hawana adabu ni ya siku nyingi. Siku hizi husikika zaidi kwenye vyombo vya usafiri: bibi amesimama ameshika bomba, kijana ameketi mbele yake, macho kwenye simu, kana kwamba haoni. Malalamiko hayo yana ukweli wake, na mtu mzima anayeyatoa hastahili kubezwa. Lakini yanatazama upande mmoja tu. Heshima inayopanda, ya mdogo kwa mkubwa na ya asiye na cheo kwa mwenye cheo, bado imejaa katika nchi zetu. Mtazame mwananchi wa kawaida anavyoingia ofisi ya serikali, kofia mkononi, sauti imeshuka, amejiandaa kuomba hata kile ambacho ni haki yake. Iliyo adimu ni heshima inayoteremka: ya karani kwa mzee asiyeweza kusoma fomu, ya muuguzi kwa mama aliyefika pekupeku, ya kondakta kwa mtoto anayelipa nauli ya mwanafunzi, ya askari kwa kijana wa bodaboda. Ninaamini kwamba heshima hii ya kuteremka ndiyo kipimo cha ustaarabu wa maisha ya hadharani, na kwamba mahubiri ya malezi peke yake hayatatuletea. Inabidi ijengwe mahali pa kazi, kwa utaratibu, kwa vifaa na kwa usimamizi.

Desturi zetu hazikuusahau upande huu. Anayeamkiwa shikamoo anawajibika kuitikia marahaba, na mkubwa anayeamkiwa akanyamaza huhesabiwa mwenye kiburi hata awe na mvi kichwa kizima. Mgeni hupiga hodi mara tatu, asipojibiwa huondoka. Lakini mwenye nyumba aliye ndani na hasemi karibu naye husemwa mtaa mzima. Kilichozilinda desturi hizo ni kujuana. Mtu aliyemvunjia mwenzake heshima asubuhi alijua kwamba habari itafika kwao kabla jua halijazama. Mji mkubwa umeiondoa hofu hiyo. Mkoa wa Dar es Salaam haukufikisha watu laki nne katika sensa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Anayekaa kwenye dirisha la huduma leo huhudumia watu asiowajua kwa jina wala kwa ukoo, ambao huenda asiwaone tena, na ambao hawana pa kumshtakia. Ukarimu uliotegemea kujuana hauwezi kubeba mzigo huo. Ndiyo maana mtu yuleyule anaweza kuwa mpole na msikivu nyumbani kwake, kisha akawa mkali kama nini akishavaa sare ya kazi.

Mahali ambapo jambo hili limechunguzwa kwa makini zaidi Afrika Mashariki ni wodi ya wazazi. Watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga, wakachapisha matokeo yao mwaka 2014, waliwauliza akina mama walipokuwa wanatoka hospitali baada ya kujifungua kama walitendewa bila heshima: kufokewa, kutishwa, kupuuzwa, kuachwa peke yao, kuwekwa wazi mbele ya watu. Asilimia 19 walisema ndiyo. Akina mama walipofuatwa baadaye majumbani, idadi ilipanda hadi asilimia 28. Tofauti hiyo inafaa kutafakariwa. Mama aliye mlangoni mwa hospitali, kichanga mkononi, bado anajiona yu chini ya mamlaka ya waliomhudumia, na kesho atawahitaji kwa chanjo. Akiwa kwake ana nafasi ya kusema. Kwa hiyo popote tunapouliza wananchi kuhusu huduma huku mhudumu akisikia, tujue jibu tunalolipata lina adabu zaidi kuliko ukweli. Nchini Kenya, utafiti uliofanyika katika vituo 13 vya afya chini ya mradi ulioitwa Heshima ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano akieleza mambo ya aina hiyohiyo. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko likisema kwamba kila mwanamke ana haki ya kuhudumiwa kwa heshima anapojifungua, na kwamba kudhalilishwa kunaweza kumfanya akwepe hospitali. Hapo suala la kauli linakuwa suala la uhai, kwa sababu uchungu unaposhindikana usiku nyumbani, wa kumwokoa mama yuko mbali.

Kilichofuata Korogwe ndicho kinachonipa matumaini. Wananchi na watumishi wa afya walikaa pamoja wakauandika upya mkataba wa huduma kwa mteja, wenye haki na wajibu wa pande zote mbili. Kisha watumishi wa hospitali wenyewe wakapanga mabadiliko katika wodi yao. Hayakuwa makubwa. Yalikuwa mambo kama mapazia ya kumsitiri mama anapopimwa na anapojifungua, na kuwauliza akina mama wanaoondoka wamehudumiwaje. Muheza, ambako mpango huo haukupelekwa, ilitumika kulinganishia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kwamba uwezekano wa mama wa Korogwe kusema alitendewa bila heshima ulishuka kwa takriban theluthi mbili ukilinganisha na jirani zake. Mradi wa Kenya nao, uliowahusisha watumishi, wasimamizi na jamii, uliishusha asilimia 20 hadi 13. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mara nyingi tunaisema methali hiyo kama laana. Inaweza pia kusomwa kama maelezo ya kazi: ulimwengu nao ni mwalimu, na mahali pa kazi ni sehemu ya ulimwengu huo. Wauguzi wa Korogwe hawakulelewa upya na mama zao. Waliwekewa pazia, wakapewa makubaliano ya wazi, wakaanza kusikia majibu ya waliowahudumia.

Kuna pingamizi ambalo wakunga wengi hulitoa kwa dhati, na si haki kulipuuza. Husema ukali huokoa maisha: mama akiacha kusukuma, akifunga miguu kwa hofu, mtoto anaweza kufia njiani, na hakuna muda wa kubembeleza. Ni kweli dharura ina sauti yake. Amri fupi inayotolewa kwa nguvu wakati wa hatari si dharau, na mama mwenyewe anaweza kuitambua. Lakini kumwambia mzazi kwamba alipokuwa anaitafuta mimba hakupiga kelele hakusaidii mtoto kutoka. Kumcheka kwa kanga aliyokuja nayo hakuzuii damu. Kati ya sauti ya juu na tusi kuna mpaka ambao kila mzoefu wa kazi hii anaujua vizuri, na hofu anayoongezewa mama haimpi nguvu ya kusukuma.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: watumishi ni wachache, wamechoka, vifaa hakuna, mishahara haitoshi, halafu mnawataka watabasamu. Nalikubali karibu lote. Mkunga mmoja anayeachiwa wodi nzima usiku kucha anavunjiwa heshima na mwajiri wake kabla hajamvunjia mtu mwingine, na dharau hiyo huteremka ngazi kwa ngazi hadi kumfikia mgonjwa. Kwa hiyo anayedai kauli njema kwa wagonjwa ana wajibu wa kudai pia zamu zinazobebeka na glovu za kutosha. Sikubaliani na hitimisho tu, kwamba tusubiri bajeti ikamilike ndipo tuanze kuheshimiana. Pazia ni la bei ndogo. Kumwita mtu kwa jina lake, kumweleza kwa nini anasubiri na atasubiri mpaka saa ngapi, hakuhitaji bajeti, na mara nyingi hupunguza ugomvi unaomchosha mtumishi huyohuyo. Foleni isiyo na maelezo huzaa kelele, kelele huzaa ukali, na ukali huzaa kelele zaidi.

Wapo pia wanaolishuku neno adabu lenyewe linapotajwa hadharani, kwa kuwa limetumika mno kuwafunga watu midomo. Mwananchi akihoji fedha za barabara huambiwa hana adabu. Abiria akilalamika huambiwa ashuke apande teksi. Shaka hiyo ni halali. Jibu lake limo katika majaribio mawili yaliyofanyika Kenya, ambayo ningependa yajulikane zaidi. Nchi hiyo ilikuwa imejaribu sheria kali: kanuni zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 chini ya waziri John Michuki zililazimisha matatu, magari madogo ya abiria, kuwa na mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na zikapiga marufuku abiria kusimama. Utekelezaji wake ulilegea kadiri miaka ilivyopita. Wachumi James Habyarimana na William Jack wakajaribu njia nyingine. Walibandika ndani ya matatu vibandiko vinavyowahimiza abiria kumkemea dereva anayeendesha ovyo, na wakaweka bahati nasibu kwa madereva waliovitunza visibanduke. Katika jaribio lao la kwanza, lililochapishwa mwaka 2011, madai ya bima ya magari yenye vibandiko yalishuka kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2015, lilionesha upungufu wa kati ya robo na theluthi. Kwa hiyo abiria aliyenyamaza kwa adabu alikuwa anajiweka hatarini yeye na jirani yake wa kiti. Kibandiko kilimpa ruhusa ya kusema, na kusema kwake kulikuwa heshima kwa uhai wa waliomo garini. Mtu anayekatazwa kulalamika haheshimiwi, na ofisi inayoita kila lalamiko utovu wa nidhamu imejivua yenyewe haki ya kudai staha.

Sheria zetu, kwa kweli, hazina upungufu mkubwa katika hili. Ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sheria ya Kenya ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ilimtaka ofisa awatendee wananchi kwa adabu na heshima, na Katiba ya 2010 inasema uongozi ni wajibu wa kutumikia watu, wala si uwezo wa kuwatawala. Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza kwa imani ya chama cha TANU kwamba binadamu wote ni sawa, na miongoni mwa ahadi za mwanachama ilikuwamo ile ya kwamba cheo ni dhamana. Zama zile kiongozi aliitwa ndugu, sawa na anayemwongoza. Leo mheshimiwa limeenea kutoka bungeni hadi kwenye vikao vya kata na hata sherehe za harusi. Silalamikii neno. Nalalamikia mwelekeo: tumeongeza majina ya kuwapandisha walio juu, na hatujaongeza chochote kwa anayesimama foleni tangu saa kumi na mbili alfajiri.

Pa kuanzia papo tayari. Zahanati na vituo vya afya vya serikali nchini Tanzania vina kamati za usimamizi ambazo wajumbe wake wengine ni wananchi wa eneo husika. Vikao vyake huzungumzia dawa, fedha na majengo, kama inavyopasa. Ewe msomaji uliye karibu na kamati kama hiyo, mtafute mjumbe unayemjua kabla ya kikao kijacho. Muulize kama wodi ya wazazi ina mapazia, kama watumishi wa usiku wanatosha, na ni nani anayewauliza akina mama, wakiwa majumbani kwao, walitendewaje. Kisha mwombe mambo hayo matatu yaingizwe kwenye ajenda na yaandikwe kwenye muhtasari.