Kifaduro na Kiraka Kinachohama

Mwaka 2024 kifaduro kiliibuka upya Uingereza kwa kasi iliyowashtua madaktari. England pekee ilithibitisha karibu wagonjwa 15,000, na watoto wachanga wasiopungua 10 wakafariki. Wengi wakauliza: ugonjwa uliopatiwa chanjo tangu enzi za mabibi zetu unarudije katika nchi inayochanja watoto wake?

Kwanza, kinga ya chanjo zinazotumika huko hufifia baada ya miaka michache. Hilo linajulikana. Jambo la pili linaloweza kuchangia limo ndani ya bakteria mwenyewe, Bordetella pertussis, nalo linasisimua zaidi.

Chanjo ya zamani, ambayo Pearl Kendrick na Grace Eldering waliifanyia kazi Michigan katika miaka ya 1930, ilikuwa bakteria mzima aliyeuawa. Ilikinga vizuri, ila ilisumbua kwa homa na uvimbe. Japani ikaanza kutumia chanjo ya vipande mwaka 1981, Marekani ikafuata miaka ya 1990, Uingereza 2004. Chanjo hii huuonyesha mwili protini chache tu, kuanzia moja hadi tano. Mojawapo ni pertaktini, inayokaa juu ya utando wa bakteria.

Mwaka 2012 Marekani ilihesabu wagonjwa 48,277, idadi isiyoonekana huko tangu 1955. Vimelea vilipochunguzwa, zaidi ya nusu havikuwa na pertaktini kabisa. Nchini Australia, vimelea vya namna hiyo vilipanda kutoka asilimia 5 mwaka 2008 hadi 78 mwaka 2012.

Pertaktini ilikwenda wapi? Mhusika mkuu ni kipande kifupi cha DNA kiitwacho IS481, chenye uwezo wa kujinakili na kujipachika mahali pengine katika jenomu. Bakteria wa kifaduro anazo nakala zake zaidi ya 200. Tuchukue shati lenye viraka 200 vya kitambaa kimoja, na kiraka kinachozaa kiraka. Siku moja kipya kinajishona juu ya mdomo wa mfuko wa kifuani. Mfuko umekufa, lakini shati linavalika kama kawaida. Sasa mgambo, yaani kinga ya mwili, aliyeagizwa amkamate mtu mwenye mfuko kifuani anampisha mvaaji huyo. Tena viraka viwili vinavyofanana vikikutana uso kwa uso, kitambaa kilicho kati yake huweza kukatika kikaanguka, au kugeuzwa juu chini kikashonwa hivyo hivyo. Jeni ya pertaktini imepatwa na yote hayo: imepachikwa IS481, imekatwa, na sehemu inayoiwasha imepinduliwa. Kwingine kosa la herufi moja tu limeizima. Yametokea mara nyingi, katika nchi mbalimbali, kila ukoo wa bakteria kwa njia yake. Bahati peke yake haifanyi kazi kwa mpangilio huo; chanjo ndiyo iliyowapa nafasi waliokosa pertaktini.

Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka Japani. Huko vimelea visivyo na pertaktini vilikuwa asilimia 41 katika miaka ya 2005 hadi 2007, vikashuka hadi 8 kufikia 2014 hadi 2016. Watafiti waliuhusisha mteremko huo na mabadiliko ya chanjo, kwa kuwa chanjo isiyo na pertaktini ilikuwa imeanza kutumika zaidi. Shinikizo lilipolegea, wenye pertaktini wakarejea.

Chanjo ya vipande bado inawaepusha watoto wengi na ugonjwa mkali. Hata hivyo, kujenga kinga juu ya protini chache ni kumwachia bakteria huyu upenyo, na chanjo zijazo zinapaswa kumwonyesha mgambo mwili mzima wa bakteria.

Kenya na Tanzania bado zinatumia chanjo ya bakteria mzima, ndani ya sindano ya pamoja ya magonjwa matano. Hata hivyo, huko pia bakteria anahitaji kufuatiliwa, na upungufu uko maabara. Kipimo cha PCR huitafuta IS481 yenyewe, kwa kuwa nakala zake nyingi hurahisisha kuinasa, na majibu hutoka haraka. Lakini PCR hiyo haisemi kama pertaktini ipo. Ili kujua hilo, baadhi ya sampuli zioteshwe, bakteria apatikane akiwa hai na jenomu yake isomwe. Hospitali za rufaa ziwezeshwe kufanya hivyo, na mzazi ahakikishe mtoto amepata dozi zote tatu: wiki ya 6, ya 10 na ya 14.