Mgeni njoo, lakini je, mwenyeji wa Kibera atapona?

WAGENI wanaotua jijini Nairobi kwa kawaida hupelekwa katika Mbuga ya Wanyama, Makavazi ya Kitaifa au Kituo cha Twiga kule Lang'ata. Hata hivyo, kwa takriban miaka 20 sasa, wapo wanaoomba kuonyeshwa mahali pengine kabisa: Kibera, mtaa wa mabanda ulioko kilomita chache kusini magharibi mwa katikati ya jiji.

Huko hakuna gari la kitalii wala darubini. Mgeni hukutana na kijana aliyezaliwa au kulelewa mtaani, wakakubaliana malipo, kisha wakatembea kwa miguu kwa muda wa saa mbili au tatu. Mara nyingi ziara huwa ya mtu mmoja, ya wenzi wawili au ya familia moja, na kiongozi huwa wao peke yao hadi wamalize.

Biashara hii imezua ubishi mkubwa. Wanaoitetea husema kuwa inawapa vijana riziki na kumwondolea mgeni dhana potovu kuhusu mitaa ya walalahoi. Wanaoipinga hudai kuwa inageuza umaskini wa watu kuwa maonyesho.

Jibu la swali hilo halimo katika kutembea kwenyewe. Limo katika mambo matatu: nani anayeongoza, anasimulia nini, na mwenye nyumba anayepitwa mlangoni ana usemi gani.

Historia iliyofichwa na mabati

Kiongozi anayeufahamu mtaa kwa kawaida huanzia Makina. Hapa ndipo penye msikiti, soko na makao ya muda mrefu ya jamii ya Wanubi, na ni hapa ambapo mgeni anaweza kuelezwa kwamba Kibera haikuanza kama mtaa wa mabanda.

Mababu wa Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan. Mnamo mwaka 1891, Kapteni Frederick Lugard aliwaandikisha wale waliokuwa wamebaki katika eneo la Equatoria baada ya Emin Pasha kuondoka, na baadaye wengi wao wakaingizwa katika jeshi la King's African Rifles.

Askari hao walipostaafu, Waingereza waliwaruhusu kuishi kwenye msitu uliokuwa kando ya Nairobi. Kwa lugha ya Kinubi, ambayo chimbuko lake ni Kiarabu, msitu huitwa 'kibra'. Jina Kibera lilitokana na neno hilo.

Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, likiwa na ukubwa wa ekari 4,197. Lakini askari hawakupewa hatimiliki. Walipewa vibali vya kuishi na kulima, na serikali ya kikoloni ikaendelea kuwahesabu kama wapangaji katika ardhi ya Mfalme.

Baada ya uhuru mwaka 1963, ardhi hiyo ilibaki mikononi mwa serikali. Mitaa kama Woodley, Jamhuri na sehemu za Lang'ata imesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya hifadhi hiyo. Wakati huohuo, wahamiaji kutoka kila pembe ya nchi walimiminika Kibera kutafuta vyumba vya bei nafuu karibu na kazi, na mabanda yakaongezeka.

Wanubi nao walisubiri kwa miongo mingi. Mnamo Machi 2011, Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia. Mwezi Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliikabidhi jamii hiyo hatimiliki ya ekari 288.

Ekari 288 ni chini ya asilimia saba ya zile 4,197 za mwaka 1918. Mgeni anayeelezwa hesabu hiyo akiwa amesimama Makina huanza kuona mabati yaliyo mbele yake kwa jicho jingine. Anatambua kuwa msongamano huo ni matokeo ya maamuzi ya watawala kuhusu ardhi, wala haukuletwa na uvivu wa wakazi.

Majina yanayosimulia

Kutoka Makina, njia huteremka kuelekea reli ya zamani ya Uganda, inayokatiza Kibera. Kutoka kwenye tuta la reli mtu huona mapaa ya mabati yenye kutu yakienea bondeni.

Kiongozi hodari hutumia fursa hiyo kueleza majina ya vijiji. Laini Saba husimuliwa kuwa lilitokana na uwanja wa askari wa kulenga shabaha. Kisumu Ndogo hudokeza walikotoka wakazi wake wengi. Soweto ni mwangwi wa Afrika Kusini. Kijiji kingine huitwa Raila, kwa heshima ya Raila Odinga aliyeliwakilisha eneo hilo bungeni tangu 1992 hadi 2013.

Reli hiyo ina kumbukumbu chungu pia. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vyuma vyake viling'olewa, nalo soko la Toi, linalopakana na Makina na kusifika kwa mitumba, likateketezwa.

Mbali na historia, ziara nyingi hupitia sehemu za kazi. Kuna karakana ambako mafundi hukata mifupa ya ng'ombe kwa msumeno, wakailainisha na kuitia nakshi hadi ikawa bangili, herini na mikufu. Mifupa hiyo ingetupwa jalalani. Hapa inawalipia watu kodi ya nyumba.

Kivutio kingine ni vyoo vya umma vinavyozalisha gesi, kama kile cha Katwekera Tosha kilichojengwa kupitia shirika la Umande Trust. Kinyesi huingia katika tangi lililo chini ya ardhi, ambamo bakteria hukivunjavunja pasipo hewa. Gesi inayotokea hupitishwa kwenye mabomba hadi jikoni, na wakazi hulipa ada ndogo ili kupika au kutumia choo.

Kwa namna hii mgeni hukutana na Kibera inayofanya kazi: fundi cherehani, kinyozi, muuza samaki, mama anayekaanga mandazi alfajiri. Ni picha tofauti na ile ya mitaro michafu inayorudiwa katika filamu na matangazo ya kuchangisha fedha.

Upande wa pili wa shilingi

Pamoja na hayo, malalamiko dhidi ya ziara hizi si ya kupuuzwa, kwani yametoka kwa wakazi wenyewe.

Kennedy Odede, aliyelelewa Kibera na kuanzisha shirika la SHOFCO mwaka 2004, aliandika makala katika gazeti la New York Times mnamo Agosti 2010 akipinga utalii huu. Alieleza kuwa alikuwa na umri wa miaka 16, akiosha vyombo nje ya nyumba yao, mwanamke Mzungu alipompiga picha bila ya kumwomba ruhusa. Alijihisi kama mnyama aliyefungiwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mgeni huondoka na picha, naye mkazi hubaki akiwa amepungukiwa na heshima.

Uzito wa hoja hiyo huonekana wazi mtu anapotafakari jinsi watu wanavyoishi. Katika mtaa wa kifahari, maisha hufichwa na ua, geti na mlinzi. Katika vichochoro vya Kibera, chumba ni kidogo na shughuli nyingi hufanyiwa mlangoni: kufua, kupika, kuogesha mtoto. Anayepita kichochoroni huwa amepita sebuleni mwa mtu.

Ubishi huu si wa Kenya pekee. Katika karne ya 19, matajiri wa London walikuwa na mazoea ya kutembelea vitongoji maskini vya mashariki mwa jiji hilo, baadhi kwa nia ya kusaidia na wengine kwa udadisi tu. Siku hizi ziara kama hizo hufanyika katika favela za Rio de Janeiro nchini Brazil, Soweto nchini Afrika Kusini, na Dharavi mjini Mumbai, India.

Mfano wa Mumbai una funzo. Kampuni ya Reality Tours, iliyoanza katikati ya miaka ya 2000, hupiga marufuku upigaji picha katika ziara zake za Dharavi, huchukua vikundi vidogo na hutenga sehemu kubwa ya faida kwa miradi ya jamii. Biashara haikufa kwa sababu kamera ilifungiwa mkobani.

Sheria inasemaje?

Nchini Kenya, Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inawataka wanaoendesha shughuli za kitalii wawe na leseni. Aidha, tangu 1996 kuna chama cha waongoza watalii kinachotoa mitihani na vyeti vya viwango vya shaba, fedha na dhahabu. Hata hivyo, mafunzo hayo yameegemea zaidi wanyama, ndege na mimea. Hakuna mtihani wa ndege unaomfundisha kiongozi namna ya kubisha hodi.

Kuhusu picha, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatambua kuwa sura ya mtu ni habari inayomhusu yeye. Inapohusu mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi inahitajika. Mnamo Septemba 2023, Afisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ya idhini ya wazazi.

Ikiwa shule yaweza kutozwa faini hiyo, ni vigumu kuona kwa nini mtoto wa Kibera anayekimbilia mgeni akipaza sauti "hawayu!" apigwe picha na kusambazwa mitandaoni kana kwamba hana mzazi.

Mkazi naye anastahili kujua kwamba ana haki ya kukataa. Kusema "hapana" hakumfanyi kuwa adui wa maendeleo ya mtaa.

Fedha huenda wapi?

Swali la malipo ndilo hukwepwa zaidi. Kiongozi wa ziara hulipwa, na ni haki yake, kwa kuwa anauza ujuzi na muda wake. Lakini mama anayefungua mlango ili mgeni auone "mfano wa nyumba ya Kibera" hupata nini? Na je, fundi wa mifupa hununuliwa bidhaa, au hutazamwa tu?

Ziara inayostahili jina lake huwa na majibu kabla ya safari kuanza. Mwenye nyumba huwa ameombwa mapema na kukubali, hulipwa sehemu inayojulikana, na anaweza kubadilisha nia siku yoyote. Ununuzi hufanywa kwa fundi, chakula cha mchana huliwa katika hoteli ya mtaani, na fedha hubaki vichochoroni.

Ikumbukwe pia kwamba riziki hii ni dhaifu. Kenya ilipositisha safari za ndege za kimataifa za abiria kati ya Machi na Agosti 2020 kwa sababu ya janga la Covid-19, kazi iliyotegemea wageni wa ng'ambo ilikauka kwa siku chache.

Mambo ya kuzingatia

Anayetaka kutembea Makina, awe Mzungu au Mkenya ambaye hupita barabara ya Ngong kila siku bila ya kuingia ndani, afanye haya.

Kwanza, atafute kiongozi anayeishi mtaani na anayejulikana na majirani zake. Dalili njema ni jinsi anavyosalimiwa njiani. Kiongozi asiyesalimiwa na mtu huenda naye ni mgeni.

Pili, amuulize Kibera ina watu wangapi. Kwa miaka mingi ilidaiwa kuwa na wakazi milioni moja, lakini sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Kiongozi anayeyataja yote mawili na kueleza mvutano uliopo anaujua mtaa wake. Anayekariri milioni moja ili kumshangaza mgeni anauza maajabu.

Tatu, kamera ikae mkobani hadi mhusika aombwe na akubali. Picha ya mapaa kutoka kwenye reli haimdhuru mtu. Picha ya mtu akioga au akilia humdhuru.

Nne, asigawe peremende wala pesa kwa watoto. Zawadi hizo huwafunza kufuata wageni badala ya kwenda shuleni. Vilevile ajihadhari na ziara za ghafla katika makao ya mayatima, kwani mtoto hapaswi kuwa kivutio cha kuchangisha fedha.

Tano, avae viatu imara, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba, vichochoro vinapojaa tope. Atembee mchana, na amwachie kiongozi uamuzi wa njia.

Mtaa unaobadilika

Kibera anayoizuru mgeni leo si ile ya miaka 20 iliyopita. Mnamo Septemba 2009, familia za kwanza kutoka Soweto Mashariki zilihamishiwa nyumba za serikali kule Lang'ata. Mwezi Julai 2018, maelfu ya watu walibomolewa nyumba ili kupisha barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Majengo ya ghorofa sasa yanachungulia juu ya mabati.

Katika mabadiliko hayo, anayeweza kuonyesha msikiti wa Makina ulipo, mpaka wa shamba la babu yake ulikopita na nyumba za majirani zilizobomolewa zilikokuwa, ana elimu isiyopatikana katika ramani. Hadi mwaka 2009, vijana wa Kibera walipoanza kuuchora wenyewe mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, ramani nyingi ziliuacha kama eneo tupu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazamwe. Ziara inayomwacha mwenyeji na malipo ya haki, historia iliyosimuliwa sawasawa na mlango uliofungwa anapotaka ufungwe, itakuwa imetimiza usemi huo. Isiyofanya hivyo ni heri isianze.