Maziwa ya kukodi: Jinsi akina mama wa kale walivyowalisha watoto wachanga

MAJUZI nilikwenda kumwona jirani aliyekuwa amejifungua kifungua mimba wake. Maziwa yalikuwa yamekataa kushuka na mtoto alilia hadi sauti ikamkauka. Tulikuwa akina mama watano chumbani, kila mmoja na dawa yake. Huyu alitaka mzazi apewe uji wa wimbi, yule supu ya miguu ya ng'ombe, mwingine akaapa kwamba hakuna kinachoshinda njahi. Mzazi mwenyewe alikuwa akifuta machozi tu.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijiuliza: Je, mama wa enzi za kale, ambaye hakuwa na zahanati wala duka la kununulia maziwa ya kopo, alifanya nini yake yalipokauka?

Kumbe naye alikuwa na washauri wake. Wamisri wa kale waliacha maandishi ya tiba yajulikanayo kama mafunjo ya Ebers, yaliyoandikwa yapata mwaka wa 1550 kabla ya Kristo. Mama aliyekosa maziwa anaagiziwa mifupa ya samaki ipashwe moto kwenye mafuta, kisha asuguliwe nayo mgongoni. Tusicheke. Huenda hata huko kusuguliwa na wenzake kulimtuliza akapata nafuu.

Dawa iliposhindwa, alitafutwa mwanamke mwingine wa kunyonyesha. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kisa cha Musa katika kitabu cha Kutoka. Binti Farao alipomwokota mtoni, dada ya mtoto alijitokeza na kujitolea kumtafutia mnyonyeshaji. Aliyeletwa ni mama mzazi, naye akalipwa ujira kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe!

Katika jumba la Farao kazi hiyo ilikuwa na heshima kubwa. Mnamo 1996 wachimbuzi wa mambo ya kale walifikia kaburi la Maia huko Saqqara, mwanamke aliyemnyonyesha Mfalme Tutankhamun. Ukutani amechorwa akiwa amempakata mfalme mapajani.

Lakini si wote waliobahatika hivyo. Kule Babeli, sheria za Mfalme Hammurabi, za karne ya 18 kabla ya Kristo, hazikuwa na mzaha. Ikiwa mtoto alifia mikononi mwa mnyonyeshaji, naye akachukua mtoto mwingine bila kuwaarifu wazazi, adhabu ilikuwa kukatwa ziwa. Unaweza kuona woga wa mzazi katika sheria hiyo. Unaweza pia kuona jinsi mwanamke maskini alivyokuwa akifanya kazi huku kisu kikimning'inia.

Habari zinazosikitisha zaidi zinatoka Misri tena, wakati nchi hiyo ilipokuwa chini ya Warumi. Mikataba ya kunyonyesha iliandikwa kwenye mafunjo, na kadhaa imesalia hadi leo. Mnyonyeshaji alilipwa kwa mwezi, mara nyingi fedha pamoja na mafuta. Muda ulikaribia miaka miwili. Masharti yalikuwa makali: asilale na mwanamume, asishike mimba, asimnyonyeshe mtoto mwingine. Mikataba mingine ilidai hata kwamba mtoto akifa, mwanamke huyo atafute mwingine wa kumlea badala yake.

Na watoto wenyewe walikuwa nani? Wengi walikuwa wameokotwa jaani walikotupwa, wakanyonyeshwa ili wakue wawe watumwa wa aliyewaokota. Lile sharti la kutomnyonyesha mtoto mwingine ndilo linaloniuma. Mwanamke mwenye maziwa ni mwanamke aliyezaa. Mwanawe alikuwa wapi? Mkataba haukumtaja.

Huko Roma, katika karne ya pili baada ya Kristo, alikuwako daktari aitwaye Soranus wa Efeso, aliyeandika kitabu kizima kuhusu uzazi. Alishauri mnyonyeshaji awe na umri wa kati ya miaka 20 na 40 na awe amezaa mara mbili au tatu. Maziwa yake yajaribiwe kwa kudondosha tone kwenye ukucha: yakitiririka kama maji, ni mepesi mno, yakiganda kama asali, ni mazito mno. Kuhusu vyakula vingine alisema vingoje hadi mtoto atimize miezi sita hivi, jambo ambalo muuguzi yeyote wa kliniki atakuambia hata leo.

Hata hivyo, daktari huyo alikosea pakubwa kuhusu dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza. Aliyaona mabaya, akataka mtoto apewe asali kwanza. Siku hizi tunajua dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na kwamba asali yaweza kumletea sumu hatari aliye chini ya mwaka mmoja.

Na pale ambapo hapakuwa na ziwa la kukodi? Mnamo 2019 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa vyombo vitatu vidogo vya udongo, vyenye mdomo mwembamba wa kunyonya, vilivyopatikana katika makaburi ya watoto huko Bavaria, Ujerumani. Vilitengenezwa kati ya mwaka wa 1200 na 450 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na mabaki ya maziwa ya wanyama wanaocheua, kama vile ng'ombe, mbuzi au kondoo. Hebu fikiria kukisafisha chombo cha aina hiyo bila brashi! Aliyekifinyanga alimpenda mtoto wake, na huenda ndicho kilichompa maradhi.

Kwa upande mwingine, maziwa ya mtu mwingine yalijenga udugu. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba mke wa Cato wa Roma alimnyonyesha mwanawe mwenyewe, na mara nyingi aliwapa ziwa watoto wa watumwa wake ili wapendane na mwanawe kama ndugu. Waislamu, wakiwemo wa pwani yetu, wanafahamu kwamba Mtume Muhammad alinyonyeshwa na Halima, na kwamba walionyonya ziwa moja hawaoani.

Hapa kwetu, hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya akina mama mwaka wa 2019. Anayejaaliwa mengi huyatoa, yakapimwa na kuchemshwa kiasi, kisha akapewa mtoto ambaye mamake hana.

Na jirani yangu? Yalishuka siku ya nne. Kila mmoja wetu anadai ni dawa yake.