Kunasa Gitaa la Umeme kwa Kompyuta

Mwalimu atakaye kunasa gitaa la umeme kwa ajili ya nyimbo za darasani asilichomeke katika tundu la maikrofoni la kompyuta. Koili za gitaa zina ukinzani mkubwa. Tundu lile lina ukinzani mdogo, nalo humeza sauti za juu, gitaa likasikika kana kwamba limefunikwa blanketi. Yafaa kutafuta kisanduku cha kuunganishia chenye tundu maalumu la gitaa, ukinzani wake omu 1,000,000 hivi. Fedha ziende hapo, si kwenye wingi wa matundu. Tena kimwezeshe mpigaji kujisikia kabla sauti haijapita katika kompyuta, kwani sauti ikichelewa hata kidogo, mkono hupoteza mdundo.