Mkungu Huu Umetoka Wapi?

Shangazi yangu alikuwa akinunua ndizi Sirari na kuziuza Mugumu, wilayani Serengeti. Mteja akimuuliza zimetoka wapi, hujibu "Tarime", maana jina hilo lilikuwa linauza. Siku moja mzee mmoja aliugeuza mkungu, akakwaruza ganda kwa ukucha, akasema, "Mama, hizi ni za Kisii." Shangazi alinyamaza. Kweli, zilikuwa zimevuka mpaka wa Kenya pale Isebania alfajiri ile.

Kazi ya ukucha ule leo inajaribiwa kwa mwanga. Kifaa hulimulika tunda. Sehemu ya mwanga humezwa, nyingine hurudi. Mwaka 1800 William Herschel aligundua kwamba kupita rangi nyekundu kuna nuru isiyoonekana, yaani infraredi. Maji, sukari na wanga kila kimoja humeza mawimbi yake, hasa kati ya nanomita 780 na 2,500. Udongo, mvua na mwinuko vinagusa viwango vya hivyo vyote, kwa hiyo mwanga unaorudi hubeba dalili za shamba.

Dalili hizo ni hafifu mno kwa jicho. Kompyuta hufundishwa kwa matunda mengi ambayo mashamba yake yanajulikana, kisha hupimwa kwa matunda ambayo haijawahi kuyaona. Hapa ndipo ninapoona hatari. Ukichuma ndizi za Tarime wakati wa masika na za Kisii wakati wa kiangazi, kompyuta itajifunza msimu, nawe utadhani imejifunza mahali. Aina ya mgomba huipotosha vilevile, na hata siku tatu za kukaa kwenye lori.

Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, wamekusanya maelfu ya picha za majani na mashina ya migomba ili kompyuta itambue sigatoka nyeusi na mnyauko. Lengo lao ni magonjwa, lakini njia ni ileile: mifano kwanza.

Tena mwanga hauujui mpaka. Ndizi ya Kehancha, upande wa Kenya, huenda ikafanana na ya Sirari kuliko ya Sirari inavyofanana na ya Mugumu.

Tangu siku ile shangazi hakulipia mkungu kabla ya kuuliza shamba. Daftari lake ninalo: tarehe, kijiji, aina ya ndizi, bei. Mtafiti akija Tarime na kifaa chake, nitamfungulia hilo kwanza.