Kichaa cha mbwa na ramani ya ubongo

Mtoto wa Lizaboni, Songea, akiumwa mguuni na mbwa mwenye kichaa, kirusi hakisafiri kwa damu. Hujipenyeza kwenye mshipa wa fahamu pale unapokutana na msuli, kisha hupanda hadi uti wa mgongo na ubongo, kikivuka sinapsi, yaani maungio ambako seli za fahamu hupashana habari. Nacho huvuka kwa kurudi nyuma: kutoka seli iliyopokea ujumbe kwenda kwa ile iliyoutuma.

Tabia hiyo inayoua ndiyo wanayoitafuta wachora ramani ya ubongo. Mwaka 2007 Ian Wickersham, Edward Callaway na wenzao wa Taasisi ya Salk, Marekani, walikitoa kirusi hicho jeni la protini inayokiwezesha kuvuka, wakaweka jeni la protini ya kijani inayong'aa, ambayo asili yake ni yavuyavu wa baharini. Protini iliyoondolewa wakazipa seli chache tu walizozichagua katika vipande vya ubongo wa panya. Kirusi kikavuka hatua moja, kikakwama hapo. Chini ya darubini zikaonekana zikiwaka kijani zile seli zilizokuwa zikiitumia ujumbe seli iliyochaguliwa. Naiona kazi hii kuwa ya ustadi wa hali ya juu.

Kwa binadamu aliye hai hatuthubutu kufanya hivyo. Tunatumia MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, ambayo huweza kufuatilia maji yanavyopenya kufuata nyuzi za ubongo. Huonyesha mafungu manene tu, wala haisemi ujumbe unaelekea upande gani. Ni kama kuitazama barabara ya Songea–Njombe kutoka angani usijue malori ya mahindi yanakwenda wapi. Na ubongo wetu una seli za fahamu takriban bilioni 86.

Tukirudi kwa mtoto aliyeumwa, safari ndefu ya kirusi kutoka jerahani hadi ubongoni ndiyo inayotupa nafasi ya kuokoa maisha. Kwa kawaida miezi miwili au mitatu hupita kabla ya dalili. Zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Jeraha likiwa usoni au kichwani, njia ni fupi na muda ni mdogo zaidi. Kwa hiyo osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15, kisha wahi hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo. Ukiumwa na bweha shambani, fanya vivyo hivyo: utafiti uliofanyika Lindi na Mtwara kati ya 2011 na 2019 ulikuta bweha ni zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliougua.