Kabla ya Kulipia Shamba, Uliza Mkutano Ulisema Nini

Wafanyakazi wengi wa Dar es Salaam, umri wa kustaafu unapokaribia, huanza kutafuta ekari mbili tatu za shamba katika vijiji vya Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo. Fedha hutoka katika akiba ya miaka mingi, pengine katika mkopo wa chama cha akiba. Mara nyingi mnunuzi hurudi mjini na karatasi moja yenye saini ya mwenyekiti wa kijiji na mhuri, akiamini kwamba amekwisha maliza.

Mhuri huo umewaliza watu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haikumpa mwenyekiti ardhi ya kijiji aigawe. Ardhi hiyo husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, chombo chenye wajumbe kati ya 15 na 25, angalau robo yao wakiwa wanawake. Na hata Halmashauri hiyo haiwezi kumgawia mtu ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mkutano Mkuu ni wanakijiji wote waliotimiza miaka 18. Hutakiwa kukutana angalau mara moja kila miezi 3, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi hupaswa kusomwa hadharani. Ikiwa mwanakijiji anamwuzia mgeni shamba lake mwenyewe, idhini ya Halmashauri bado yahitajika. Saini ya mtu mmoja si idhini.

Kwa hiyo, ndugu mnunuzi, usianze na bei. Uliza muhtasari wa kikao: kilifanyika lini, nani walihudhuria, nini kiliamuliwa. Uliza daftari la ardhi, na mpango wa matumizi ya ardhi kama upo, maana shamba unaloonyeshwa huenda limetengwa kuwa malisho. Kisha zungumza na anayelilima. Mara nyingi ni mama, ambaye hana habari kwamba mumewe amekwisha pokea fedha. Sheria hiyohiyo imebatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, naye huketi mkutanoni kwa haki yake, si kwa hisani ya mume. Mkutano ukifanyika kweli, mambo ya namna hii hujulikana mapema, kabla matofali hayajafyatuliwa na kesi kufunguliwa.

Na usipofanyika? Hilo ndilo donda. Viongozi husema akidi haikutimia; wananchi husema mbiu haikupigwa. Lakini mnunuzi wa mjini anayetaka mambo yaishe Jumapili hiyohiyo naye ana fungu lake la lawama.

Mnunuzi huyohuyo, akirudi nyumbani kwake mjini, hukutana na kodi ya majengo, ambayo imekwenda njia ya kinyume. Chini ya sheria ya mwaka 1983, halmashauri za miji ziliandaa orodha ya thamani ya majengo, na mwenye nyumba aliweza kuikagua na kuipinga. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2021 kodi ikaanza kukatwa kila mwezi katika umeme wa LUKU, shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Mwaka 2023 viwango vikapanda hadi 1,500 na 7,500.

Ni rahisi kukusanya, hapana ubishi. Lakini kodi inayopita kimya katika mita haina kikao kinachoijadili, na mpangaji wa Manzese au Mbagala ndiye huilipa anaponunua umeme. Serikali ilieleza mwaka 2021 kwamba kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, na mpangaji aelewane naye. Waelewane vipi, pale kaya nne zinapotumia mita moja na pango limekwisha lipwa la miezi 6?

Stakabadhi ya umeme huonyesha kiasi kilichokatwa. Familia izitunze, ziwekwe mezani siku ya kuzungumzia pango jipya. Na mkutano wa mtaa utakapoitwa, asimame mmoja aulize: katika fedha zilizokatwa kwenye mita za mtaa wetu mwaka huu, kiasi gani kimerudi katika halmashauri yetu, na kimefanya kazi gani?